Miaka sita chini ya fundi mwingine, sasa nataka kujitegemea. Ni nini kitaniumiza?

Bisibisi Moja

Habari zenu wakuu. Nimefanya ufundi wa kompyuta miaka sita kwenye kazi ya mtu. Kubadili kioo, kibodi, tundu la chaja, kusafisha feni na kupaka pesti upya kwenye prosesa, kupiga Windows, kumhamisha mteja kutoka diski ya kuzunguka kwenda SSD bila kupoteza faili, vyote hivyo nafanya huku naongea na simu. Bodi nagusa kiasi. Kapasita ikipiga shoti naifuata kwa multimita mpaka naipata, ila chipu kubwa, zile zenye solda chini ya tumbo, sijathubutu.

Bosi wangu sina ugomvi naye. Nimechoka tu kumsikia mteja akimshukuru yeye kwa kazi niliyokesha nayo mimi. Nina akiba ya kuishi miezi mitano hata nisipoingiza kitu.

Naomba msinitajie orodha ya vifaa, ninayo. Nataka kujua mambo matatu. Natoza vipi? Wateja wa ofisi, wale wa mkataba, wanaanzia wapi? Na kitu gani kiliwaumiza mwanzoni ambacho hakuna aliyewatahadharisha?

Kaka Feni

Karibu kwenye msoto mkuu. Nina miaka minne peke yangu na sijajuta. Usianze na fremu kubwa, anza na meza moja yenye mwanga mzuri. Sajili biashara mapema, na akaunti ya benki iwe mbali na ile yako binafsi, maana ukichanganya pesa ya spea na ya matumizi utakuja kumpa mteja hadithi kwamba mzigo uko njiani.

Kwenye bei, siri yangu ni kuangalia tatizo bure. Mtu akisikia bure anakuja, na akishakuja nusu ya biashara imeisha.

Mama Saketi

Mdogo wangu Bisibisi, nina miaka 14 kwenye kazi hii, yote nikiwa peke yangu. Kaka Feni kasema vizuri mpaka alipofika kwenye bure. Hapo nitarudi. Naanza na swali lako la tatu kwa sababu ndilo lililonila pesa.

Kompyuta zilizonishinda hazikuniumiza. Ikikushinda unamrudishia mwenyewe, unamwambia imenishinda, aibu inakaa siku mbili inaondoka. Zilizoniumiza ni mashine nilizozipokea vibaya. Wewe hujaliona hilo bado, kwa kuwa anayepokea ni bosi, wewe unaletewa mashine na kikaratasi kimeandikwa "kioo". Ukitoka hapo, anayesimama mbele ya mteja ni wewe.

Mwezi wangu wa pili, mzee mmoja aliniletea laptopu ya mwanawe, kioo kimepasuka. Nikapokea kwa mdomo, nikabadili, kazi safi. Kesho yake huyo hapo: kamera haionyeshi kitu, na herufi N haishiki mpaka uikandamize, na vyote "vilikuwa vizima". Inawezekana alisema kweli. Waya wa kamera unapita kwenye ukingo ule ule wa kioo, na aliyeufungua ni mimi. Inawezekana pia kamera ilikufa siku ile ile laptopu ilipoanguka. Sikuwa na cha kushika, wala yeye hakuwa nacho. Nikanunua kamera na kibodi kwa pesa yangu, na ile kazi ikawa mimi ndiye niliyemlipa yeye.

Tangu hapo mashine haivuki meza yangu kabla hatujaiwasha pamoja, mimi na aliyeileta. Kama kioo kimekufa naichomeka kwenye skrini ya nje. Tunafungua kamera, tunabonyeza vitufe vyote, flashi inaingia kila tundu, tunatazama kama inachaji. Dakika 4, ikizidi 5. Kama haiwaki kabisa naandika kwa kalamu, "Imepokelewa haiwaki, mengine hayakuweza kujaribiwa." Napiga picha juu, chini na pembe zote nne. Halafu fomu, nakala mbili, anatia sahihi. Mara ya kwanza wanaguna. Mara ya pili anakuja kashaifungua kamera mwenyewe.

Kwenye fomu hiyo kuna swali moja nimelichapa kwa herufi kubwa kuliko mengine. Lilitoka hapa: mhasibu mmoja aliniletea laptopu iliyokufa bodi. Nikapata bodi nzima ya modeli ile ile, nikafunga, ikawaka, nikajipongeza. Badala ya Windows ikaja skrini ya bluu inadai ufunguo wa tarakimu 48. Diski ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba data yote ya diski, na ile siri iliyokuwa ikiifungua kimyakimya kila asubuhi ilikaa kwenye TPM, chipu ya kutunzia siri, ya bodi ya zamani, ambayo mimi nilikuwa nimeshainyofoa vipande kutafuta spea. Mhasibu hakuwahi kulisikia neno BitLocker maisha yake yote. Hakuiwasha yeye. Laptopu nyingi za siku hizi zinajifunga zenyewe ukiingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa akiba unatunzwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Akaunti gani? Ilitengenezwa na muuzaji siku ya kununua, kwa barua pepe ambayo yeye hakupewa hata jina lake.

Nilikaa na ile diski mkononi. Nzima kabisa, haina sekta mbovu hata moja. Ndani mna mahesabu ya miaka mitatu, na hayatoki. Bodi ya zamani ningeitunza, labda ningempata mtu wa kuifufua japo kwa saa moja tukatoa faili. Nilikuwa nimeiua kwa ajili ya konekta mbili na soketi ya RAM.

Kwa hiyo sasa, kabla sijagusa bodi, kabla sijasasisha BIOS (ile programu ya ndani ya bodi inayoiamsha mashine), kabla sijabadili chochote kinachohusu TPM, swali ni hilo: UFUNGUO WA BITLOCKER UKO WAPI? Mashine ikiwa inawaka tunaingia pamoja, ufunguo unatolewa, anauandika yeye, anakaa nao yeye. Ikiwa haiwaki na akaunti haijulikani, anaambiwa kabla sijapokea: mashine nitajaribu kukurudishia, faili sikuahidi. Na bodi iliyokufa haichinjwi mpaka mteja aseme faili zake ameziona zote.

Kingine ni diski inayogonga. Unaujua ule mlio. Tik, tik, kimya, tik. Mwanzoni nilikuwa nazipiga chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski, kama kila mtu. Chkdsk inanyoosha mpangilio wa faili, haiponyi kichwa cha kusomea kilichochoka, na diski ikizidi kuzunguka katika hali ile kichwa kinaweza kuikwaruza sahani yenyewe. Nilimuulia mwanafunzi tasnifu namna hiyo. Sikufuta hata faili moja, niliiacha tu ikaguliwe usiku kucha, asubuhi haitambuliki hata kwenye BIOS. Siku hizi ikigonga siizungushi tena. Hiyo ni ya wafufua data wenye chumba kisicho na vumbi, na bei yao mteja aisikie kwao, siyo kwangu. Ikiwa haigongi ila inasuasua, na CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, inaonyesha sekta zinazosubiri (vipande ilivyoshindwa kuvisoma) zinapanda, naanza kwa kuinakili nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenda diski nyingine. Kile kifaili cha ramani kiweke vizuri, ikikatika katikati unaendelea ulipoishia. Uganga wote ufanyie kwenye nakala. Ile ya asili iingie kwenye bahasha yenye jina la mtu.

Haya, bure. Bure ya dakika tano mteja akiwa amesimama mbele yako, hata mimi natoa. Ukishachukua bisibisi ni kazi. Skrubu 11, klipu za pembeni zinazotaka subira kama unamenya kidonda, unakuta ukungu wa kijani chini ya chipu ya kuchaji, dakika 50 zimekwenda, unampigia, anakwambia "basi acha, nitanunua mpya." Mimi natoza ada ya uchunguzi. Akikubali matengenezo, ada inamezwa na bili. Asipokubali, nimelipwa kwa nilichofanya, tunaagana kwa amani. Wanaoikataa ada wapo, na sikumbuki hata mmoja niliyejutia.

Kaka Feni

Mama nimekubali nusu. Kwangu inawezekana kwa sababu nyingi ni kompyuta za mezani, kufungua ni skrubu mbili na kupuliza vumbi. Ila hiyo ya dakika 50 imenipata wiki iliyopita, tena mteja aliondoka na maelezo yangu yote akampelekea fundi mwingine amtengenezee. Sijui kwa nini nimeisema hapa.

Bisibisi Moja

Asante sana Mama. Ile ya mhasibu nimeisoma mara mbili huku nimeshika kichwa, maana wiki hii hii nimesasisha BIOS kwenye mashine tatu bila kumuuliza mtu chochote. Zimepona zote, ni bahati.

Sasa naomba urudi kwenye bei. Kwa bosi tunatoza "kwa kumtazama mtu". Akija amevaa vizuri bei inapanda. Sitaki kuanza hivyo, ila sijui nipange kwa kitu gani.

Mama Saketi

Panga kwa saa zako, lakini zile za kweli.

Siku 22 za kazi kwa mwezi, saa 8 kila siku, ni saa 176. Mwanzoni nilichukua matumizi yangu yote nikayagawa kwa 176, nikapata bei tamu kweli, wateja wakaipenda, na mwisho wa mwezi nikawa nakopa. Nikachukua daftari, wiki nzima nikaandika kila nusu saa inapokwenda. Kufuata spea. Kumsubiri aliyesema anakuja saa nne akaja saa tisa. Simu za "samahani dada, printa haichapi" kutoka kwa watu niliowahudumia mwaka juzi. Kupiga Windows upya kwenye mashine niliyoiharibu mwenyewe. Nilifanya saa 44 wiki ile. Zilizoingia kwenye bili ya mtu yeyote zilikuwa 17.

Kwa hiyo jumlisha: pango, umeme, intaneti, kodi, vifaa vinavyochakaa, na mshahara wako. Mshahara wako uandike kama unamlipa mtu mwingine ambaye hakuonei huruma. Jumla igawe kwa saa 70 na kitu, yaani zile 17 za wiki mara wiki za mwezi, usithubutu 176. Utakachopata ndiyo bei ya saa yako, na itakutisha. Usiipunguze usiku huo huo, lala nayo kwanza.

Ila mteja usimtajie saa. Mteja anataka kujua anatoka na kiasi gani mfukoni. Kazi zinazojirudia, kama kupiga Windows na kurudisha faili, kubadili kioo, kuhamia SSD, unajua kila moja inakula saa ngapi, basi ipe bei moja na uibandike ukutani. Aliyevaa vizuri na aliyevaa vibaya wataisoma wote. Kazi zisizotabirika, bodi na mashine zilizomwagikiwa maji, kubalianeni kikomo: "ikifika kiasi hiki nasimama nakupigia."

Spea usimuuzie kwa bei uliyonunulia, eti ni uaminifu. Spea ikifa ndani ya waranti, muuzaji atakupa nyingine. Saa ya kuifungua mashine tena hatakulipa mtu.

Na kioo usiagize kwa jina la laptopu. Najua unalijua hili, lakini ukiwa peke yako, mteja amesimama, ana safari kesho, utashawishika. Modeli moja inaweza kutoka kiwandani na vioo vya aina mbili au tatu, hiki kina kiunganishi cha pini 30, hiki cha 40. Fungua kwanza, soma namba iliyobandikwa mgongoni mwa kioo chenyewe, ndipo uagize. Mimi nina vioo vinne kabatini vya kunikumbusha.

Utaombwa pia Windows ya kukreki, tena na watu wenye heshima zao. Usianze. Mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows zina ufunguo wake ndani ya BIOS. Piga toleo lile lile iliyokuja nalo, Home kwa Home, Pro kwa Pro, ipe intaneti, inajithibitisha yenyewe. Nimeshapokea mashine zenye leseni halali ambazo fundi aliyetangulia kazipachika kreki juu yake kwa uvivu wa kutojaribu. Na kreki nyingi zinakuomba uzime kwanza kinga ya virusi. Mwizi anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia.

Zamu ya Usiku

Naingilia kwenye la ofisi, ndilo linaloniweka mjini. Nilikuwa mtu wa mifumo kwenye kampuni moja, nikatoka, leo nahudumia ofisi ndogo sita.

Hawaji kwa matangazo. Wa kwanza wangu alikuwa mama mmoja aliyeleta laptopu yake binafsi, bawaba imevunjika. Nilipomkabidhi akaniuliza, "Na seva unagusa?" Kila unayemtengenezea bawaba anafanya kazi mahali, na mahali hapo pana mtu anayelalamikia mtandao. Usimwambie unauza huduma. Mwambie utapita bure saa moja uwaandikie hali ilivyo. (Mama Saketi, bure hii niachie, mimi inanilipa.)

Naenda na karatasi. Mashine ngapi, zina umri gani. Zipi bado ziko kwenye Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Zipi zinaweza kupokea Windows 11, yaani zina TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yao, na zipi haziwezi hata ukizibembeleza. Ruta bado ina paswedi ya kiwandani au ilibadilishwa. Nani ana haki za msimamizi, maana ofisi nyingi utakuta wanazo wote, hadi anayekuja mara moja kwa wiki. Bakapu iko wapi. Na funguo za BitLocker, mashine kwa mashine.

Hilo la mwisho nilikuwa nalichukulia poa hadi Julai 2024. Sasisho bovu la programu moja ya ulinzi liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 dunia nzima. Dawa yake ilikuwa ndogo mno: unaiwasha kwa hali salama, unafuta faili moja. Lakini iliyofungwa kwa BitLocker inaweza kukudai zile tarakimu 48 za Mama Saketi kwanza. Na kama orodha ya funguo umeiweka kwenye seva, na seva nayo imelala, utafanyaje? Tangu hapo nachapa kwenye karatasi, inafungiwa kwenye sefu ya mteja mwenyewe.

Karatasi ile ya ukaguzi nawaachia. Wengine wanampa kijana wao afanye, sawa. Wengine wananiita baada ya wiki mbili.

Mkataba usiwe mrefu. Kimo nini, hakimo nini, unajibu ndani ya saa ngapi, ziara za kazi ngapi kwa mwezi, na nani ana ruhusa ya kukupigia. Mwanzoni watu 14 wa ofisi moja walikuwa na namba yangu, na kila mmoja alikuwa na dharura yake. Sasa anapiga mmoja, wengine wanampelekea yeye. Dharura zimepungua zenyewe.

Mama Saketi

Zamu, ya bure hiyo nakuachia.

Naongeza moja kwenye bakapu, kwa sababu Bisibisi akisoma "bakapu iko wapi" ataenda kuuliza, ataonyeshwa, ataweka alama ya vema, atarudi nyumbani.

Nina ofisi moja ya mashine tisa. Niliipokea kutoka kwa fundi mwingine, na bakapu walikuwa nayo, tena nzuri, diski ya nje na nyingine ya mtandaoni. Kila usiku programu inatuma ujumbe: imefanikiwa, rangi ya kijani. Nikasema hawa wamejipanga. Ziara ya tatu sikuwa na kazi nyingi, nikasema ngoja nirudishe faili moja nione. Nikamuuliza mhasibu wao, nipe jina la faili ulilofanyia kazi jana. Nikalitafuta kwenye bakapu, halipo. La juzi, halipo. La mwezi uliopita, halipo. Nikaifungua folda yenyewe: tupu. Miezi 11 programu ilikuwa inanakili folda tupu, kwa uaminifu mkubwa, kila usiku, na kijani chake. Mhasibu alipobadilishiwa mashine alianza kuweka kila kitu kwenye eneokazi kwa sababu "ndipo napaona". Hakuna aliyemwambia, na programu haikudanganya hata kidogo. Iliagizwa kunakili folda ile, ikanakili.

Nilimwambia mwenye ofisi siku hiyo hiyo, kabla sijarekebisha, nikiwa nimesimama, magoti hayana nguvu, kwa sababu ziara mbili za mwanzo niliiona ile kijani na mimi nikapita. Hakuwaka. Aliniuliza swali moja tu: "Utaijaribu kila mwezi?" Ndiyo mstari wa kwanza wa mkataba wangu sasa. Kila mwezi nachagua faili moja la jana, moja la mwezi jana na moja la mwaka jana, nayarudisha kwenye mashine yangu, nayafungua mbele ya mtu wao, anatia sahihi. Dakika 20. Mambo mengine yote ninayowafanyia wanaweza kuyapata kwa mtu mwingine kwa bei ya chini, na wanajua.

Halafu, mdogo wangu, ukiwa peke yako utabaki na mashine za watu usiku. Picha zao, barua zao, meseji zao. Usifungue kisichohusu kazi, hata ukijiambia unajaribu kama picha zinafunguka. Kujaribu vifaa, washa kwa flashi yako yenye Linux. Kujaribu Windows, tengeneza mtumiaji mpya, maliza, mfute. Paswedi ya mteja isikae kwenye kikaratasi juu ya mfuniko, kila anayeingia anaisoma.

Bisibisi Moja

Nimejaribu kuandika fomu jana usiku. Naiweka hapa mnichambue:

"Jina na simu. Aina ya mashine na namba yake ya pekee. Tatizo kwa maneno ya mteja mwenyewe. Vilivyojaribiwa wakati wa kupokea: kamera, kibodi, sauti, matundu, Wi-Fi, kuchaji (kizima, kibovu, hakikujaribiwa). UFUNGUO WA BITLOCKER UKO WAPI? Je, faili ndani ya mashine zina nakala mahali pengine? Ada ya uchunguzi, ambayo itaingia kwenye bili matengenezo yakiendelea. Kiwango ambacho fundi asikivuke bila kupiga simu. Waranti ya kazi siku 30, ya spea kama alivyotoa muuzaji. Mashine isiyochukuliwa ndani ya siku 60 baada ya taarifa itatozwa ada ya kutunzwa. Sahihi mbili."

Na bosi nimeshamwambia. Nilidhani atanifokea. Kasema nimalizie mwezi, na kazi za chipu kubwa nikizipata nimletee yeye, tutagawana.

Kaka Feni

Bosi wa hivyo usimpoteze namba. Mimi naichukua hiyo fomu kama ilivyo, msiniambie chochote.

Zamu ya Usiku

"Je, faili zina nakala mahali pengine" watajibu ndiyo wote. Geuza: "Nakala ya faili iko wapi?" Asiyejua mahali pake hana. Na hizo siku 60 angalia kwanza sheria ya unapoishi inasemaje kuhusu mali ya mtu iliyoachwa kwa fundi, usije ukatoza usichoruhusiwa.

Mama Saketi

Nzuri. Kwenye kupokea ongeza betri: imevimba au haijavimba. Padi ya kugusa, ile ya kusogezea mshale kwa kidole, ikiwa imenyanyuka, au mfuniko wa chini haukai sawa mezani, ifungue mbele ya mwenyewe. Betri iliyovimba haichokonolewi kwa bisibisi wala hailazwi dukani kwako usiku eti kesho utaitoa. Itoe siku hiyo, iweke kwenye chombo chenye mchanga mbali na vitu vinavyoungua, na uipeleke wanakopokea betri chakavu.

Na umesahau chaja. Andika kama imeachwa au haikuachwa, ya volti ngapi, na kama waya una jeraha. Miaka 14 hii, laptopu hawajawahi kunigombania. Chaja, kila mwezi.